Tangi la Upepo Kwenye Cruiser ya Safari: Lita 24 Zitakaa Wapi?

Mmiliki wa kampuni ndogo ya utalii hapa Arusha alifika karakana na vitu viwili: Land Cruiser yake ya kubebea wageni, na tangi la upepo la lita 24 lililotoka kwenye lori, limepigwa rangi nyeusi mpya inayong'aa. Kompresa ya umeme ilikuwa tayari imefungwa chini ya boneti. Alichotaka ni kimoja tu. "Fundi, nitafutie nafasi ya hili tangi. Mengine nimeshamaliza."

Tulilala chini ya gari na tochi, tukapima, tukarudia kupima. Nafasi ya tangi lile haikuwepo, au tuseme ilikuwepo sehemu mbili, na zote mbaya. Ndipo ikabidi tumuulize mzee swali lililopaswa kutangulia: upepo huu ni wa kufanyia kazi gani, na unahitajika kiasi gani? Majibu yake yalilipunguza tangi hadi chini ya nusu, na tangi lilipopungua nafasi ikajitokeza yenyewe. Nakieleza kisa hiki kwa kirefu kwa sababu kinajirudia sana mjini hapa. Watu hununua tangi kwanza, kisha huanza kulihangaikia mahali pa kukaa.

Gari lenyewe

Ni HZJ79, pikapu ya ile familia ya 70 ambayo Toyota iliianzisha mwaka 1984, ingawa 79 yenyewe ilikuja mwaka 1999. Injini ni 1HZ, dizeli ya silinda sita isiyo na turbo, cc 4,164. Mbele ina springi za koili, nyuma za mabapa. Tairi ni 7.50R16 zenye tyubu, kwenye rimu zile ambazo ringi ya pembeni hutoka. Difu ya nyuma ilishafungwa loki ya upepo, ile inayoyalazimisha magurudumu mawili ya nyuma kuzunguka pamoja.

Kama Cruiser nyingi za Arusha, hii haikubaki na umbo la kiwandani. Chesisi ilikatwa na kuongezwa kipande, propela ikarefushwa, kisha bodi ya abiria ikajengwa juu na paa la kuinuka ili wageni wasimame kuangalia wanyama. Ukiitazama kwa mbali, ilivyoinuka, unaona uwazi mkubwa chini yake. Ukilala chali ndipo unagundua uwazi ule una wenyewe. Kuna tangi la dizeli la kiwandani na la ziada aliloliongeza fundi wa bodi. Ekzosi inapita upande mmoja tangu mbele hadi nyuma. Propela inazunguka katikati. Bomba za breki na waya za friji zimeng'ang'ania chesisi kote, na nyuma zimening'inia spea mbili.

Kazi yake ni ile ile ya magari yote ya mbugani. Lami huishia lango la Loduare, la kuingilia Ngorongoro, na kuanzia hapo ni rafu rodi hadi Naabi Hill, lango la Serengeti, na kuendelea Seronera, yale matuta madogo yanayolegeza kila nati ambayo fundi hakuikaza kwa moyo wote. Masika ikifika, Ndutu inageuka udongo mweusi unaonata. Mara nyingine wageni wanataka Ziwa Natron kwa njia ya Mto wa Mbu na Engaruka, na huko ni mchanga na majivu ya volkeno. Dereva anayeijua kazi yake hushusha upepo wa tairi akiingia mchangani, na lazima aurudishe kabla hajaanza kukimbia tena. Hapo ndipo hoja ya mzee ilipoanzia: madereva wake wanachelewa kwenye kujaza.

Hesabu ya upepo

Tairi ya 7.50R16 ina ujazo wa takriban lita 50 ndani. Tuseme dereva ameshusha hadi psi 20, sawa na bar 1.4, na anataka kurudi psi 40, yaani bar 2.8. Kila bar moja kwenye lita 50 inahitaji lita 50 za hewa ya kawaida tunayoivuta hapa nje. Kwa hiyo tairi moja inataka lita 70, na nne zinataka lita 280.

Sasa tangi. Lita 24 zikishindiliwa hadi bar 10 zinaonekana nyingi, lakini huwezi kuzitumia zote. Presha ya tangi ikishuka ikakaribiana na ya tairi, upepo hauendi popote. Tukiweka kikomo bar 3, kinachotumika ni bar 7 mara lita 24, yaani lita 168. Hizo zinatosha tairi mbili na kidogo. Kuanzia hapo dereva anaisubiri kompresa kama ambavyo angeisubiri bila tangi.

Na kompresa ya mzee haikuwa ya kitoto. Ni ya mota mbili, daraja la ARB Twin, ambayo kwa psi 29 hutoa karibu lita 130 kwa dakika. Gawanya 168 kwa 130 upate faida nzima ya tangi lile: dakika moja na sekunde chache. Kwa ajili ya dakika hiyo tulikuwa tunaombwa tuning'inize chuma cha kipenyo cha sentimita 25, chenye urefu wa zaidi ya nusu mita, chini ya gari linalovuka makorongo.

Mzee alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Lakini fundi, upepo mwingi haujawahi kumdhuru mtu."

Hili nalo lina jibu la namba. Lita 10 za hewa kwenye bar 10 zimebeba nguvu ya takriban joule 13,600. Ni sawa na nguvu ya kumnyanyua mtu wa kilo 70 mita 20 kwenda juu. Lita 24 ni karibu mara mbili na nusu ya hapo. Nguvu hiyo haina tatizo lolote ikiwa ndani ya chuma kizima. Tatizo ni pale chuma kikishalika kwa ndani bila mtu kujua, halafu kikaachia mara moja.

Sisemi tangi halina maana. Kompresa ikilisha mpira moja kwa moja bila tangi, swichi yake ya presha huwaka na kuzima hovyo kila unapoachia bomba, na mota haipendi maisha hayo. Zipo pia kazi zinazotaka upepo wa ghafla, wala hazihitaji mwingi. Loki ya difu ni mojawapo: inatumia hewa kidogo sana ila inaitaka sasa hivi, kabla tairi haijajichimbia. Kupuliza chujio cha hewa ni nyingine, na kwa dereva wa Serengeti hiyo ndiyo kazi ya kila jioni. Kiangazi cha Julai hadi Oktoba vumbi la pale linaijaza chujio kiasi kwamba injini inakuwa nzito kesho yake. Unapuliza kwa presha ndogo, kutoka ndani kwenda nje, na umemaliza.

Kazi moja inayostahili tangi kubwa kweli ni kukalisha tairi ya tyublesi, yaani isiyo na tyubu, iliyobanduka kwenye rimu. Pale unahitaji upepo mwingi kwa mpigo mmoja ili kingo za tairi zirukie mahali pake. Gari hili lina tyubu. Tyubu inajaa polepole na kuisukuma tairi yenyewe, haihitaji mpigo. Tena kwenye rimu za ringi mpigo ndio usioutaka kabisa, kwa sababu ringi ambayo haijakaa vizuri huruka kama ilivyofyatuliwa, na imeshaua watu. Jaza kidogo kidogo, simama pembeni, usiinamie tairi. (Wenye tyubu wakumbuke pia kutoshusha presha kupita kiasi: tairi ikiteleza kwenye rimu inaburuta tyubu, na shina la valvu linakatika.)

Kufikia hapo hesabu ilikuwa imetuambia tunachotafuta: tangi la lita nane hadi kumi, la kutuliza swichi, kulisha loki na kupuliza chujio. Tairi ni kazi ya kompresa.

Lile tangi la lori

Kabla ya kuliweka kando tulilikagua, kwa sababu mzee alikuwa amelilipia na alistahili kupewa sababu. Matangi ya breki za upepo yanayotengenezwa kwa kiwango cha Ulaya cha EN 286-2 huwa na kibati au maandishi yaliyogongwa kwenye chuma: ujazo, presha ya juu, namba, mwaka. Hili lilikuwa na kibati, lakini rangi nene ilikuwa imekifunika na chini ya rangi kilikuwa kimesagwa na brashi ya waya. Hatukuweza kusoma chochote. Tulipofungua plagi ya chini yakatoka maji ya rangi ya chai, yakifuatiwa na unga wa kutu.

Hewa iliyobanwa huacha maji yake kwenye tangi. Kwenye lori lililotunzwa dereva huyatoa mara kwa mara. Kwenye lori lililokufa uani yanakaa humo miaka. Rangi mpya ya nje haisemi lolote kuhusu unene wa chuma uliobaki, na kwa kweli tangi lililopigwa rangi juzi linanitia wasiwasi kuliko lenye mikwaruzo yake ya zamani.

Ukitaka kulipima tangi la namna hiyo, njia ni ya maji. Unalijaza maji hadi juu bila kubakiza hewa, kisha unalisukuma kwa pampu ya mkono hadi mara moja na nusu ya presha ya kazi. Maji hayabanwi, kwa hiyo likipasuka linavuja tu. Asikudanganye mtu kulijaribu kwa upepo "ili tuone kama litahimili". Hapa Tanzania OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, hukagua matangi ya kompresa za karakana kwa sababu hizo hizo, na hakuna kinacholifanya tangi la garini kuwa pole zaidi kwa kuwa lina matairi chini yake. Tulimshauri mzee asipoteze fedha kulipima. Lilikuwa kubwa mno hata kama lingepita.

Kuzunguka gari kutafuta mahali

Kwa kutafuta nafasi sikuwahi kuona kifaa kinachoishinda bomba la PVC la maji taka. Unakata kipande chenye kipenyo na urefu wa tangi unalolifikiria, unafunga vifuniko pande zote, unabandika na viungo vya bandia kwa gundi ili usisahau kwamba valvu na mipira navyo vinataka nafasi. Ni jepesi, unalishika kwa mkono mmoja ukiwa umelala, na ukikosea unakata jingine. La milimita 160 lenye urefu wa nusu mita linafanana sana na tangi la lita tisa. La milimita 110 likifika mita moja na kidogo lina ujazo wa lita kumi, nalo ni umbo la kufikiria pale nafasi ilipo nyembamba na ndefu.

Chini ya boneti tulipaacha mapema. Kompresa yenyewe tayari ilikuwa inalalamika joto.

Ndani, chini ya viti vya abiria, mzee alipapenda. Ni pakavu, pana uwazi, hakuna mawe. Kwenye Land Rover 110 za zamani wenye magari binafsi hutumia lile sanduku lililo chini ya kiti, na sina ugomvi nao. Lakini hili ni gari la wageni wanaolipa. Valvu ya usalama ikifunguka chini ya kiti cha bibi wa miaka 70 anayempiga picha chui, safari imeisha. Na hesabu ya joule 13,600 sitaki kuifanya chini ya mtu yeyote. Ndani ya bodi hatuweki.

Juu ya paa hapana, paa linainuka.

Kisha fundi kijana wetu, aliyeona picha kwenye simu, akaleta wazo la kufanya bampa la nyuma kuwa tangi. Ni mtindo uliopo Marekani na kwingineko: bampa la bomba nene, au zile nguzo za pembeni za kukinga mlango, zinazibwa ncha na kuwekwa viungo. Tangi linakuwa halijachukua nafasi yoyote ya ziada, na hilo linavutia. Mimi silikubali kwa gari la kazi. Bampa limeumbwa ligongwe, tangi limeumbwa lisiguswe, na huwezi kukipa chuma kimoja kazi zote mbili. Kulehemu kwa kuzuia upepo wa bar 10 miaka kumi kunataka mtu aliyefunzwa kulehemu vyombo vya presha, na wengi tunaochomelea bodi hapa mjini hatuko hivyo. Halafu kuna suala la kumbukumbu. Gari litauzwa, mwenye gari mpya atataka taa za nyuma, na atamwita kijana mwenye drili.

Nyuma ya ekseli, zilipo spea, ndiyo sehemu ambayo tangi la lita 24 lingeingia bila shida. Hii ndiyo nafasi mbaya ya kwanza. Gari lililorefushwa lina mkia mrefu, na kila linapopanda ukingo wa korongo mkia ndio unaogusa. Ukining'iniza tangi pale unashusha mkia zaidi, na kitakachogonga mwamba kwanza ni valvu ya kutolea maji, kwa kuwa ndiyo iko chini kabisa. Ongeza mawe na tope vinavyorushwa na tairi za nyuma saa zote.

Juu ya ekseli ya nyuma, kati ya mihimili miwili ya chesisi, ndiyo nafasi mbaya ya pili, na ndiyo inayowadanganya wengi. Gari likiwa limesimama karakana unaona uwazi mzuri kabisa pale, umefichwa, unakingwa na chuma pande mbili. Lakini uwazi ule ni wa difu. Gari likitua kwa nguvu ekseli inapanda, na difu inapanda nayo hadi raba ya kuzuia inapogota kwenye chesisi. Usipime kwa macho. Pima umbali kutoka ekseli hadi raba, ongeza sentimita chache za raba yenyewe kunyweka, halafu chora difu ikiwa juu kiasi hicho. Kisha pima tena tairi moja ikiwa imepanda na nyingine imening'inia, kwa sababu hapo difu inakaa mshazari na propela inabadili pembe. Tulipofanya hivyo, bomba letu la PVC la milimita 160 lilibaki na upenyo wa kidole. La tangi la lori hata halikuhitaji kujaribiwa. Na upenyo wa kidole kwenye gari tupu ni mgongano kwenye gari lenye wageni saba, mizigo na dizeli ya matangi mawili.

Kipande kilichoongezwa

Jibu lilitoka kwenye ule urefu ulioongezwa. Fundi wa bodi alipoingiza kipande cha chesisi katikati, alipata mhimili ulionyooka ambao Toyota haikuuwekea kitu. Upande wa ndani propela na tangi la ziada la dizeli vilishaujaza. Upande wa nje, kati ya mhimili na kidato cha kupandia, kulikuwa na pango lenye upana wa kutosha kipenyo cha sentimita 15 na urefu wa zaidi ya nusu mita, pande zote mbili za gari.

Upande mmoja una ekzosi. Huo tuliukataa, na si kwa kuogopa mipira kuyeyuka tu. Tangi lililojazwa bar 10 kwenye nyuzi 30 za Selsiasi, likipashwa hadi 80, linafika karibu bar 11.8, sawa na psi 171. Valvu ya usalama ya mifumo hii kwa kawaida hufunguka psi 175. Ungekuwa unaendesha muda wote ukingoni, na siku ekzosi imepashwa na mlima wa Ngorongoro valvu ingeanza kupiga mluzi. Tukachukua upande wa pili.

Masharti tuliyojiwekea pale yalikuwa machache lakini hatukuyalegeza. Tangi lisishuke chini ya ukingo wa chini wa chesisi, ili jiwe likikwaruza likute chesisi kwanza. Lisikae juu ya maungio yaliyochomelewa ya kile kipande, kwa sababu pale ndipo ufa utakapoanza siku ukianza, na mtu lazima aweze kupaona na kupachomelea bila kuwa na tangi la presha kando ya moto. Na hakuna kutoboa kingo za juu na za chini za mhimili. Kingo hizo ndizo zinazobeba uzito wa gari. Tundu, ikibidi, linakaa katikati ya ubavu. Kwa bahati nzuri ubavuni kulikuwa na matundu mawili ya zamani yaliyoachwa na mabano ya kidato, tukayatumia hayo.

Mzee alinunua tangi jipya la lita tisa lililotengenezwa kwa ajili ya magari, lenye kibati kinachosomeka. Kwa bar 7 zinazotumika linatoa lita 63, karibu tairi moja. Limeshikwa na mikanda miwili ya chuma yenye raba ndani, iliyofungwa kwa bolti kwenye bano. Hakuna kilichochomelewa kwenye tangi lenyewe, hata kipande kidogo cha kushikia waya. Mikanda ina faida nyingine kwenye rafu rodi: raba inameza mtikisiko ambao bano gumu lingeupeleka moja kwa moja kwenye viungo vya tangi. Mbele yake tuliweka bati nene dogo la kukinga mawe ya tairi ya mbele, lililo wazi chini ili tope lisikae.

Tangi limelala na kuinama kidogo kuelekea nyuma. Koki ya maji iko kwenye ncha iliyo chini, na tuliipa waya wa kuvuta unaofika ukingoni mwa kidato. Dereva hatalala chini kwenye tope la Ndutu ili atoe kijiko cha maji. Kama kazi inamtaka alale chini, kazi hiyo haifanyiki, na baada ya miaka michache tangi jipya linakuwa kama lile la lori.

Mabomba na majaribio

Upepo unaotoka kwenye kompresa ni wa moto sana, kwa hiyo mita ya kwanza ni mpira uliofumwa kwa waya wa chuma. Baada ya hapo tulitumia bomba la nailoni la breki za malori. Maduka ya spea za malori yanaliuza kwa mita pamoja na viungo vyake, na dereva akikatikiwa Mto wa Mbu atalipata hata huko. Linapita juu ya chesisi, limebanwa kila baada ya hatua fupi, upande usio na ekzosi. Kwenye mlango wa tangi kuna valvu ya kuzuia upepo usirudi, ili kompresa isianze kuzunguka ikiwa imebeba presha ya tangi mgongoni. Valvu ya usalama na swichi ya presha ziko upande wa tangi. Usiweke koki yoyote kati ya valvu ya usalama na tangi. Nimeshaliona hilo, na aliyeifunga aliniambia ni kwa ajili ya "kuzuia kelele".

Umeme haukuwa kazi yetu lakini tuliuangalia. Mota mbili za namna hii zinaweza kuvuta ampea 50 na zaidi kwa pamoja, hivyo injini iwe inaunguruma wakati wa kujaza, na waya kutoka betri uwe mnene na mfupi. Wa mzee ulikuwa sawa.

Sehemu za kuchomekea mpira wa upepo tuliziweka mbili, moja kwenye bampa la mbele na moja nyuma. Gari limerefushwa, na mpira mmoja wa kutoka mbele usingefika tairi ya nyuma bila kuunga. Kila kiungo kina kofia ya raba, kwa sababu vumbi la Olduvai likiingia kwenye kapla haitafunga tena hadi uioshe.

Tulijaza tangi jioni, tukapaka kila kiungo povu la sabuni, hakukuwa na kiputo. Alfajiri geji ilikuwa imeshuka kwa karibu nusu bar, na fundi kijana tayari alishika spana akitaka kufungua kila kitu. Nikamwambia aiache kwanza. Ilikuwa ni msimu wa baridi, na usiku wa Arusha ulikuwa umeshuka kutoka nyuzi 30 za mchana karakana hadi kama 15. Hewa ya bar 10 ikipoa kiasi hicho hupoteza nusu bar hivi bila kuvuja hata chembe. Mchana jua lilipopiga bati la karakana geji ikarudi ilipokuwa.

Kujaza tairi nne kutoka psi 20 hadi 40 kunachukua dakika chache, na nyingi kati ya hizo ni za kuhamisha mpira na kufunga kofia za valvu. Mzee alisimama na saa yake akaridhika, ingawa bado anaamini lita 24 zingekuwa bora na ameliweka lile tangi jeusi stoo kwake. Dereva wake ndiye aliyerudi na ombi. Alisema, "Fundi, tairi sina neno nazo, ila chujio napuliza kila jioni, na mpira natoa kwenye bampa nauzungusha hadi juu ya injini." Kulikuwa na tundu moja la tangi lililozibwa kwa plagi. Tukalitolea bomba hadi chini ya boneti, karibu na sanduku la chujio, tukampa rigyuleta ndogo ya kushusha presha na bunduki ya kupulizia inayoning'inia kwenye ndoano yake.